Redio za magari ya Japani: Vituko vya tafsiri ya mashine na nafasi ya programu huria

MADEREVA wengi jijini Nairobi huianza siku kwa kusemeshwa na mwanamke wasiyemwona, kwa lugha wasiyoielewa. Mara tu gari linapowashwa, sauti nyororo hutoka kwenye dashibodi na kutamka: "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen." Kisha skrini ya redio huwaka ikiwa imejaa herufi za Kijapani, na dereva hubonyeza kitufe anachokijua kwa mazoea tu ili apate muziki wa safari.

Sentensi hiyo si salamu wala onyo la hatari. Maana yake ni kwamba kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wa kielektroniki wa kulipia barabara kuu nchini Japani, ulioanza kutumiwa na umma mwaka 2001. Mwenye gari wa kwanza aliichomoa kadi yake kabla ya kuliuza, lakini kifaa chenyewe kilibaki ndani. Kinaendelea kuidai kadi hiyo kila asubuhi, pasipo kujua kwamba gari limevuka bahari. Hata barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands na iliyofunguliwa mwaka 2022, haina uhusiano wowote na mfumo huo wa Japani.

Kutoka yadi za magari zilizopangana kando ya Barabara ya Ngong hadi maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue na karakana za Grogan karibu na Barabara ya Kirinyaga, redio hizi zimezaa biashara nzima. Wapo wanaozirekebisha, wapo wanaozing'oa na kuweka nyingine, na wapo wenye magari wanaoelekeza simu zao kwenye skrini ili mashine iwatafsirie. Tafsiri hizo ndizo huwaacha wengine wakicheka na wengine wakipotea.

Kwa nini Kijapani kimejaa barabarani

Kenya na Japani zinafanana katika jambo moja kubwa: magari huendeshwa upande wa kushoto wa barabara na usukani huwa upande wa kulia. Kwa hiyo gari lililotumika Osaka au Nagoya linaweza kuingia katika barabara za Nairobi bila ya kubadilishwa usukani.

Aidha, kanuni ya viwango inayosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi umri wa miaka minane. Magari yanayopita bandari ya Mombasa kwa hivyo bado yana vifaa vyake vya kiwandani, na vifaa hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani peke yake. Redio nyingi kati ya hizo hazina lugha nyingine iliyohifadhiwa ndani yake. Mtu akiitafuta menyu ya Kiingereza hataipata, si kwa sababu imefichwa bali kwa sababu haikuwekwa.

Masafa yasiyolingana

Tatizo la kwanza analokumbana nalo mwenye gari si lugha bali ni masafa. Katika nchi nyingi duniani, Kenya ikiwemo, matangazo ya FM hurushwa kati ya megahezi 87.5 na 108. Nchini Japani, FM ilitengewa megahezi 76 hadi 90. Sehemu ya juu ya 90 ilikuwa imeshikwa na televisheni ya analojia, na ndiyo maana redio za zamani za nchi hiyo ziliweza kunasa sauti ya chaneli za kwanza za runinga. Baada ya Japani kuzima runinga ya analojia, FM iliongezewa nafasi hadi megahezi 95, na matangazo katika sehemu hiyo yakaanza mwaka 2014.

Matokeo yake kwa msikilizaji wa Nairobi ni rahisi kueleza. Redio ya Japani isiyorekebishwa hupata Ghetto Radio kwenye 89.5, lakini haifiki Capital FM kwenye 98.4, wala Classic 105 kwenye 105.2, wala Radio Citizen kwenye 106.7.

Mafundi hutatua tatizo hili kwa kifaa kidogo wanachokiita ekspanda, kinachofungwa kati ya eriali na redio. Kazi yake ni kuyashusha masafa kwa kiasi maalumu. Ekspanda ya megahezi 20 huifanya Capital FM ionekane kwenye 78.4 na Radio Citizen kwenye 86.7. Ile ya megahezi 15 huiweka Radio Citizen kwenye 91.7, namba ambayo redio ya zamani inayokomea 90 haiwezi kuifikia. Ndiyo sababu madereva wawili wenye magari ya aina moja hutofautiana juu ya stesheni wanazozipata, na kila mmoja hudhani mwenzake alitapeliwa na fundi.

Isitoshe, televisheni iliyomo katika redio nyingi za aina hii haiwezi kufanya kazi Kenya. Japani inatumia mfumo wa dijitali uitwao ISDB-T, hali Kenya ilichagua DVB-T2 na kukamilisha uhamaji wake mwaka 2015. Ramani nazo ni za Japani tu.

Saa inayosema Kiswahili

Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo redio ya Kijapani hulifanya vyema bila ya kukusudia. Baadhi ya redio hizo hufuata saa ya Japani, na mtumiaji hana njia ya kuibadilisha. Japani iko mbele ya Kenya kwa saa 6. Hesabu ya saa ya Kiswahili nayo hutofautiana na ile ya Kizungu kwa saa 6 vilevile.

Kwa hiyo Nairobi inapokuwa saa moja asubuhi, saa ya Kizungu husema 7:00, na redio iliyoachwa kwenye saa ya Japani huonyesha 1:00. Inapokuwa saa tisa alasiri, huonyesha 9:00. Dereva anayehesabu saa kwa Kiswahili hana haja ya kulipia marekebisho, mradi redio iwe inaonyesha mzunguko wa saa 12.

Muziki unaozaliwa upya

Lugha ndiyo kikwazo kigumu zaidi. Programu ya Google Translate ilianza mwaka 2006 na kuongezewa Kiswahili mwaka 2009. Mwaka 2017 iliwezeshwa kusoma maandishi ya Kijapani papo hapo kupitia kamera ya simu na kuyaonyesha kwa Kiingereza. Tangu hapo, mtu aliyenunua gari huweza kuelekeza simu yake kwenye skrini ya redio na kuona maneno yakibadilika mbele ya macho yake.

Vituko huanzia hapo. Neno ambalo redio za Japani hulitumia kwa kitufe cha kupiga muziki ni saisei. Neno hilo hilo hutumika kwa kitu kilichorudishiwa uhai, kwa kiungo cha mwili kinachoota tena, na kwa taka zinazotengenezwa upya. Mashine inayoliona peke yake, bila ya kujua kwamba iko mbele ya redio, huweza kuleta "kuzaliwa upya". Mjapani hachanganyikiwi kwa sababu yeye ameketi ndani ya gari na anaona alama ya pembetatu kando ya neno.

Kitufe cha kupeleka wimbo mbele kwa kasi huitwa hayaokuri. Kimeundwa kwa maneno mawili, moja lenye maana ya mapema au haraka, na jingine la kutuma au kupeleka. Anayekitafsiri kipande kwa kipande hupata "kutuma mapema", jambo linalofanana zaidi na kazi ya posta kuliko ya muziki.

Wimbo huitwa kyoku. Herufi inayoliandika neno hilo ndiyo pia inayoandika kitenzi cha kupinda au kukata kona. Isomwapo na kamera katika gari, mahali ambapo kukata kona ni jambo la kawaida, ni rahisi mashine ikachagua maana isiyofaa. Stesheni ya redio nayo hutamkwa kyoku, ingawa huandikwa kwa herufi nyingine, ambayo pia ina maana ya ofisi au idara. Hivyo kuchagua stesheni huweza kutafsiriwa kuwa kuchagua idara.

Neno hōmu, lililokopwa kutoka Kiingereza, linasimamia ukurasa wa mwanzo wa skrini. Katika stesheni za garimoshi za Japani, neno hilo hilo ni jukwaa la kupandia treni, kwa sababu Wajapani walilifupisha neno jingine la Kiingereza likaishia kuandikwa sawa na la kwanza.

Vituko hivi vina asili katika namna Kijapani kinavyoandikwa. Lugha hiyo hutumia mifumo mitatu ya maandishi kwa pamoja: herufi za maana zilizotoka Uchina, ambazo orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina 2,136, na seti mbili za herufi za sauti. Haitenganishi maneno kwa nafasi. Kwa kawaida haionyeshi umoja na wingi, na mtendaji huachwa bila kutajwa pale ambapo msikilizaji anaweza kumkisia. Sentensi ndefu humpa mtafsiri fununu za kutosha. Neno moja juu ya kitufe halimpi chochote.

Jambo la kushangaza ni kwamba maneno ambayo Wajapani walikopa kutoka Ulaya humpa Mswahili taabu ndogo kuliko anavyodhani. Lugha zote mbili hupenda silabi inayoishia kwa irabu. Kadi ni kādo, basi ni basu, hoteli ni hoteru na redio ni rajio. Mtu mwenye sikio makini huanza kuyatambua hata kabla ya kuitoa simu mfukoni.

Njia ndefu ya kufika Kiswahilini

Anayetaka tafsiri ya Kiswahili moja kwa moja hukutana na kikwazo cha pili. Matini yaliyotafsiriwa na binadamu kati ya Kijapani na Kiswahili ni machache mno kuifundisha mashine. Kwa sababu hiyo, mashine kwa muda mrefu zimekuwa zikikipitia Kiingereza: Kijapani hugeuzwa Kiingereza kwanza, kisha Kiingereza kikageuzwa Kiswahili. Kosa la hatua ya kwanza hurithiwa na ya pili, nayo ya pili huongeza lake.

Neno la Kiingereza la kupiga muziki ndilo pia la kucheza mpira na kuigiza tamthilia. Lile la kunyamazisha sauti ni pia jina la mtu asiyeweza kusema, hivyo kitufe kikaweza kuandikwa "bubu". Neno la kurudi nyuma ndilo la mgongo. Neno la wimbo mmojawapo katika albamu ndilo la njia ya reli. Hivyo kila neno linaloonekana jepesi kwa Kiingereza huwa na milango kadhaa ya kuingilia Kiswahilini, na mashine hulazimika kuchagua mmoja ikiwa gizani.

Ngeli huzidisha ugumu. Redio yenye neno la Kiingereza lenye maana ya "yote" hulitumia hilo hilo kwa nyimbo, albamu na wasanii. Kiswahili hakiruhusu uvivu huo. Nyimbo ni zote, wasanii ni wote, vitabu vya sauti ni vyote. Ujumbe kwamba kitu kimefutwa nao hubadilika: wimbo umefutwa, nyimbo zimefutwa, albamu imefutwa. Mashine isiyoambiwa ni kitu gani kinachozungumziwa haina budi kubahatisha.

Kutoka kanuni hadi mitandao

Ndoto ya kutafsiri kwa mashine si ngeni. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown na kampuni ya IBM nchini Marekani walionyesha hadharani mashine iliyogeuza sentensi za Kirusi kuwa Kiingereza. Japani ilijenga mashine yake iliyoitwa Yamato mwaka 1959 kwa ajili ya Kiingereza na Kijapani.

Mbinu za awali zilitegemea kamusi na kanuni za sarufi. Profesa Makoto Nagao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, katika andiko lake lililochapishwa mwaka 1984, alipendekeza njia tofauti: mashine isifasiri kila sentensi tangu mwanzo, bali itafute mifano ya sentensi zilizokwisha kutafsiriwa na binadamu na kuifuata. Wazo la kujifunza kutokana na mifano lilitawala miaka iliyofuata. Kuanzia Novemba 2016, Google ilihamia mitandao ya neva, Kijapani kikiwa miongoni mwa lugha za kwanza, na Kiswahili kikafuata mwaka 2017.

Ubora uliongezeka sana. Mashine za leo hupatia maneno mengi ambayo zamani zilikuwa zikiyakosea, na saisei mara nyingi hutafsiriwa ipasavyo. Hata hivyo, mashine ya mtandao wa neva ina tabia ambayo mtumiaji anapaswa kuifahamu. Zamani tafsiri mbovu ilijulikana kwa ubovu wa sentensi yake. Siku hizi sentensi iliyokosewa huweza kuwa fasaha kabisa, na msomaji hana cha kumshtua.

Pale kicheko kinapokwisha

Wimbo usiopatikana haumdhuru mtu. Lakini skrini hiyo hiyo ya Kijapani, au ile iliyo mbele ya usukani, ndiyo inayoonyesha maonyo ya injini, breki na betri ya magari ya mseto yanayotumia petroli na umeme.

Neno tenken hutokea katika maonyo hayo. Maana yake ni ukaguzi, yaani gari lipelekwe likapimwe na fundi. Likipitia Kiingereza, huweza kufika Kiswahilini kama "tafadhali angalia". Dereva huangalia, haoni moshi wala mafuta yanayovuja, akaendelea na safari yake.

Neno ijō ni hatari zaidi kwa mtu anayeitegemea simu isikilize sauti badala ya kusoma. Kwa maandishi moja ni hitilafu, na kwa maandishi mengine ni "zaidi ya" au "kuanzia hapo kwenda juu". Yote mawili hutamkwa sawa.

Ukanushi nao hukaa mwishoni kabisa mwa kitenzi. Tofauti kati ya "imasu" na "imasen" ndiyo tofauti kati ya "imeingizwa" na "haijaingizwa". Kamera iliyotingishika ikaukosa mwisho wa mstari huweza kuleta maana iliyo kinyume.

Zipo njia chache za kujikinga. Gari likiwa limesimama, ni bora kuipiga picha skrini nzima badala ya neno moja, kwa kuwa maneno ya jirani huisaidia mashine. Onyo litafsiriwe kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na matokeo yalinganishwe. Tafsiri irudishwe tena kwa Kijapani ionekane kama itafanana na ya awali. Rangi ya taa isipuuzwe: nyekundu hudai gari lisimamishwe hata kama maneno hayaeleweki. Fauka ya hayo, kuuliza si ujinga, na fundi anayeyafahamu magari ya aina hiyo hushinda simu yoyote.

Programu huria ni nini

Wanaochoka na Kijapani hununua redio mpya. Katika maduka ya katikati ya jiji, nyingi ya hizo ni redio za skrini pana zinazotumia Android, mfumo ambao msimbo wake wa msingi umekuwa wazi kwa umma tangu mwaka 2008. Hapo ndipo mwenye gari hukutana na programu huria, pengine bila ya kulijua jina lake.

Programu huria ni ile ambayo leseni yake humruhusu mtu yeyote kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza msimbo wake. Katika uwanja wa muziki, mifano ni mingi. VLC ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris nchini Ufaransa, na mwaka 2001 ikatolewa kwa leseni huria ya GPL. Kodi ilianza kama programu ya kugeuza mashine ya michezo ya Xbox kuwa chombo cha muziki na filamu, na ilipewa jina lake la sasa mwaka 2014.

Mfano unaolingana zaidi na redio za magari ni Rockbox. Mwishoni mwa mwaka 2001 watayarishaji programu wa Uswidi hawakuridhishwa na programu iliyokuja ndani ya kicheza muziki chao cha mkononi cha kampuni ya Archos. Hawakusubiri kampuni. Waliandika programu yao, wakaitoa bure, na watu wa nchi nyingine wakaiongezea lugha zao. Chombo kilibaki kile kile, lakini maneno yake na kazi zake zikawa za watumiaji.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa. Neno lililokosewa katika redio iliyofungwa hubaki limekosewa hadi redio itakapotupwa. Neno lililokosewa katika programu huria huweza kurekebishwa na mtumiaji yeyote anayeijua lugha, na marekebisho yake yakawafikia wote.

Mnunuzi hata hivyo ajihadhari. Redio kuitwa ya Android hakumaanishi kwamba kila kilichomo ni huria, kwani watengenezaji huongeza programu zao zilizofungwa. Vilevile, kuing'oa redio ya kiwandani bila ya kuunganisha nyaya ipasavyo huweza kuizima kamera ya nyuma, vitufe vya usukani na, katika baadhi ya magari, mipangilio ya gari lenyewe. Maswali hayo yaulizwe kabla ya malipo, si baada yake.

Kiswahili ndani ya programu

Kazi ya kutafsiri programu huria hufanywa kwa utaratibu unaoeleweka. Maneno yote ya programu hutolewa na kuwekwa katika faili lake, kila sentensi ya asili ikifuatwa na nafasi ya tafsiri. Mfumo unaotumika sana ni gettext wa mradi wa GNU, wa tangu miaka ya 1990. Una kanuni ya wingi kwa kila lugha: Kijapani kina umbo moja tu, hali Kiswahili kina mawili, kama wimbo 1 na nyimbo 2. Pia humruhusu mtayarishaji aandike maelezo ya muktadha, kwa mfano kwamba "yote" ya hapa ni ya nyimbo na ya pale ni ya wasanii. Maelezo hayo mafupi ndiyo dawa ya vituko vyote vilivyotajwa.

Afrika Mashariki ina historia katika kazi hii. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Programu huria ya Ushahidi ilizaliwa wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, nayo ikatumika baadaye katika nchi nyingi. Mwaka 2010 kituo cha iHub kilifunguliwa kando ya Barabara ya Ngong, barabara ile ile yenye yadi za magari, kikawa makutano ya watayarishaji programu wa jiji. Mwaka 2021 Kiswahili kilianza kukusanyiwa sauti katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao hutoa hazina yake bure kwa yeyote anayetaka kuifundisha mashine.

Hatari iliyopo sasa imegeuka sura. Kwa vile mashine hutafsiri bure na kwa kasi, mtu mwenye nia njema huweza kuchukua faili zima la programu, akalipitisha kwenye mashine na kulirudisha likiwa na jina la Kiswahili. Makosa hayo huingia katika programu, kisha hukusanywa kutoka mtandaoni na kutumiwa kuzifundisha mashine zijazo. "Bubu" la leo huwa ushahidi wa kesho kwamba Waswahili husema hivyo.

Herufi zinazogeuka

Lipo pia suala la herufi zenyewe. Redio nyingi za Japani zilijengwa kwa mpangilio wa herufi uitwao Shift JIS. Kiswahili sanifu hakina herufi zenye alama juu, hivyo majina ya nyimbo za Kiswahili husomeka vizuri katika redio hizo.

Kikuyu hakina bahati hiyo. Herufi ĩ, ikiwa imehifadhiwa kwa mpangilio wa kisasa wa UTF-8, huchukua baiti mbili. Redio inayozisoma baiti hizo kwa Shift JIS huonyesha herufi mbili za Kijapani zenye sauti ya "to" na "u". Wajapani wana jina la jambo hili, mojibake, yaani herufi zilizogeuka. Msikilizaji aliyenunua nyimbo za Kikuyu hudhani faili limeharibika, kumbe ni redio iliyokosea kusoma.

Katika kicheza muziki huria, kasoro ya aina hiyo huripotiwa na kurekebishwa katika msimbo. Katika redio iliyofungwa, mwenye gari hana budi kuyaandika majina upya bila alama, akiipunguza lugha yake ili chombo kiridhike.

Wapenzi wa muziki wa Nairobi wamezoea kufanyia ukarabati vyombo visivyotengenezwa kwa ajili yao, tangu enzi za kaseti za River Road. Ekspanda ni ukarabati wa masafa. Kamera ya simu ni ukarabati wa lugha. Lakini maneno yaliyo ndani ya programu huria hayahitaji kuzungukwa kwa ujanja wa fundi. Yanahitaji watu wanaokijua Kiswahili waketi, wayasome moja baada ya jingine, na kuamua kwa pamoja kama kitufe kile kiitwe "cheza" au "piga", kabla ya mashine kuwaamulia.